Ukiushika waya, inachaji: kisa cha jeki ya umeme iliyokaa vibaya kwenye kasha

Karakana moja ndogo ya Kariakoo ilikuwa ikiunda makasha ya betri ya kuendesha ruta umeme unapokatika. Ndani ya kila kasha mna seli 3 za lithiamu zilizofuatana, bodi ya kuzilinda, na bodi nyingine ndogo ya rangi ya kahawia iliyobeba jeki ya kuchajia (kile kitundu kinachopokea plagi ya adapta), fyuzi, taa na waya unaokwenda kwenye ruta. Adapta yake ni ya volti 12.6 na ampea 2. Wanunuzi wakubwa walikuwa mawakala wa miamala ya simu na wenye maduka ya fotokopi, watu ambao mtandao ukikatika nao biashara imesimama.

Malalamiko yalikuja kwa maneno yaleyale. "Fundi, ukiushika waya hivi inachaji, ukiuachia taa inazima." Wengine walisema betri haijai hata ikilala kwenye umeme usiku kucha. Mmoja alileta kasha ambalo plastiki yake, pale tundu la chaji lilipo, ilikuwa imelainika na kubadilika rangi. Hilo ndilo lililonitisha. Plastiki ya ABS, ile ngumu ya makasha kama haya, huanza kulainika kwenye joto linalokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na sentimita chache tu kutoka hapo zimelala seli za lithiamu.

Mwenye karakana alishampata mwenye kosa. "Kaka, adapta za siku hizi feki." Ushahidi wake haukuwa wa kubeza. Makasha ya mwanzo aliyauza na adapta za mzigo wa zamani na hayakurudi. Mzigo ule ukaisha, akanunua mwingine, shida ikaanza. Tena alinionyesha mwenyewe: akachukua kasha lililorudi, akachomeka adapta ya zamani, taa ikawaka na haikucheza. Akachomeka mpya, taa ikayumba. Mtu akikuonyesha jambo kama hilo mbele ya macho yako, ni vigumu kumbishia.

Tukazipima adapta zenyewe. Bila mzigo, zote mbili zilitoa volti 12.6. Tukazifunga kwenye balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, ambayo kwa volti 12 hula takriban ampea 1.75, na zote zikabeba bila kutetereka. Kwa upande wa umeme, adapta mpya haikuwa na dosari.

Baada ya hapo tukaangalia plagi. Plagi za duara za aina hii kwa kawaida zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini tundu la ndani lipo la milimita 2.1 na lipo la milimita 2.5, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Plagi ya 2.1 haiingii kabisa kwenye jeki yenye pini ya 2.5, kwa hiyo hapo hutadanganyika. Hatari iko upande wa pili: plagi ya 2.5 inaingia vizuri tu kwenye pini ya 2.1, inakaa humo ikiwa imelegea, na unapata dalili hizihizi za kushika waya. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni keekee ya milimita 2.3. Ingiza mkia wake kwenye plagi: ukiingia hiyo ni 2.5, ukigoma ni 2.1. (Plagi zenye vibanio vya uma ndani zinaweza kukuchanganya, hizo zipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo na vina.) Adapta zote mbili zilikuwa 2.1, sawa na jeki.

Tofauti ilikuwa kwenye urefu. Chuma cha plagi ya zamani kilikuwa na milimita 12, cha mpya milimita 9.5. Na hiyo 9.5 si ufupi wa ajabu, ni urefu ulio wa kawaida kabisa sokoni. Aliyekuwa amezoea kitu kisicho cha kawaida ni kasha lenyewe.

Tulipoingiza mkia wa kalipa kutoka nje ya tundu hadi kwenye uso wa jeki tulipata milimita 4. Ukuta wa kasha ni milimita 2.5, na nyuma yake jeki ilikuwa imekaa milimita 1.5 ndani zaidi, kwa sababu vinguzo vya kufungia bodi viligundishwa kwa kukadiria. Tundu la ukuta lilitobolewa kwa keekee ya milimita 8, yaani chuma cha plagi kinapita ila shingo ya plastiki haipiti, kwani shingo nyingi ni nene kuliko hapo. Hivyo shingo inagota kwenye ukuta, na kati ya milimita 9.5 za plagi zinazoifikia jeki ni 5.5 tu. Plagi ya milimita 12 inaingiza 8. Jeki hii inataka plagi izame karibu yote ndipo kibanio cha pembeni kiikamate sehemu nene ya chuma na pini ya kati ishike kwa urefu wa kutosha. Kwa milimita 8 ilikuwa inajitahidi, kwa 5.5 kibanio kinagusa ncha tu.

Ugusaji wa ncha huleta joto, na hesabu yake haina ugumu. Karatasi za watengenezaji wa jeki za namna hii kwa kawaida hutaja ukinzani wa omu 0.03 au karibu na hapo. Ampea 2 zikipita humo, volti zinazopotea ni 0.06 na joto ni wati 0.12, huwezi hata kulihisi. Ugusaji ukiharibika ukafika nusu omu, ampea zilezile zinapoteza volti nzima na kuacha wati 2 za joto kwenye kipande cha plastiki chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Na ile volti iliyopotea ndiyo sababu ya betri kutojaa kwa wakati: adapta inadhani imefikisha 12.6 wakati betri bado iko chini, basi inaanza kupunguza mkondo mapema mno.

Kupima hilo kwenye kasha zima si kazi kubwa. Nunua plagi ya kamera za CCTV, ile yenye skrubu mbili za kufungia nyaya. Hakikisha nayo ina urefu wa plagi unayoichunguza, la sivyo unapima kitu kingine. Pitisha umeme wa balbu kupitia humo, weka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya chanya na nyingine kwenye mguu wa chanya wa jeki upande wa ndani, mita ikiwa kwenye milivolti. Fanya hivyohivyo kwa hasi. Kwa ampea 1.75, jeki iliyo nzima itakuonyesha milivolti 50 hivi au pungufu kwa kila upande. Kwenye kasha lililolainika namba haikutulia, ilipanda na kushuka, na waya ulipoguswa ikapita volti 1.

Hadi hapo kisa kingeweza kuishia kwenye urefu wa plagi. Lakini bodi zilipotolewa kulikuwa na tatizo la pili, na hili liliyagusa hata baadhi ya makasha ya zamani yaliyokuwa yanafanya kazi bado.

Jeki ya kulehemu kwenye bodi ina miguu mitatu bapa: wa nyuma ni wa pini ya kati, wa pili ni wa kibanio cha nje, na wa pembeni ni wa swichi ya ndani. Kwenye bodi nyingi zilizorudi, mguu wa nyuma ulikuwa umezungukwa na ufa mwembamba kama uzi wa nywele. Ukiupiga tochi na kuutikisa mguu, unaona lehemu ikipanda na kushuka. Kwenye nyingine, shaba yenyewe ilikuwa imebanduka kwenye bodi ikiwa na lehemu yake yote juu.

Fikiria nguvu inavyopita. Kasha liko juu ya rafu, adapta iko kwenye soketi chini, waya umekazwa kati yao. Waya unatokea kwenye plagi kama milimita 30 mbele ya jeki, na unavuta kwenda chini. Jeki inajaribu kupinduka ikiegemea ukingo wake wa mbele, na mguu wa nyuma, ulio kama milimita 14 nyuma ya ukingo huo, unang'olewa kwenda juu. Mzigo wa kilo 1 kwenye waya unakuwa zaidi ya kilo 2 kwenye mguu ule mmoja. Mteja naye kila akishika waya kutafuta chaji anaurudia mvuto huo, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa hiyo tatizo la kwanza lilikuwa linalisha la pili.

Bodi nayo haikuwa na uwezo wa kuhimili. Ilikuwa ya kahawia, ya karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi, yenye shaba upande mmoja tu. Kwenye bodi ya namna hiyo matundu hayana chuma ndani, kwa hiyo kinachoushikilia mguu ni gundi iliyobandika shaba na si kingine. Halafu matundu yalitobolewa ya duara wakati miguu ni bapa. Ili mguu mpana uingie, keekee ikabidi iwe kubwa, na tundu kubwa likala shaba mpaka pete iliyobaki ikawa nyembamba sana. Upande mwembamba wa mguu umebaki na pengo, na lehemu imewekwa kama daraja juu ya hewa.

Kijana wa karakana alikuwa amezitengeneza baadhi kwa kuongeza lehemu. Zilifanya kazi, zikarudi. Lehemu ya risasi na bati ya 63 kwa 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini ncha ya pasi ya kulehemu inakuwa kwenye 350 au zaidi, na gundi ya shaba kwenye bodi za karatasi haipendi kuchomwa mara kwa mara. Kila ukiongeza lehemu, shaba inalegea kidogo zaidi. Nyingine alizijaza gundi ya moto kuzunguka jeki, na hiyo nayo ililainika palepale penye joto.

Msimamo wangu, na mwenye karakana hakuupenda mara moja, ni kwamba lehemu kazi yake ni kupitisha umeme. Mvuto wa waya ubebwe na kasha. Na vipimo vinaanzia kwenye kasha pia: uso wa jeki unatakiwa uwe wapi ukutani, ndipo urudi nyuma kujua bodi ikae wapi na vinguzo viwekwe wapi. Hapa ilifanyika kinyume. Bodi ilichorwa kwanza, kasha likanunuliwa baadaye, tundu likatobolewa mwisho.

Kwa makasha yaliyorudi tulitumia jeki za ukutani, zile zenye uzi na nati. Tundu lilikuwa tayari ni la milimita 8, na zipo jeki zenye uzi wa ukubwa huo. Ila chukua moja, ipime kwanza kwa kalipa, maana zinauzwa pamoja na za 11 na 12. Uso wake unakaa nje ya ukuta, hivyo plagi ya urefu wowote inazama yote. Angalia pia uzi una urefu wa kutosha kuvuka ukuta na kubaki na nafasi ya nati. Jeki inayoingizwa kutoka nje nati yake inatoka nyuma, kwa hiyo ipitishe kwenye nyaya kabla hujalehemu, na kama upande wa pili wa nyaya umeshabanwa soketi ya plastiki, huenda nati isipite kabisa. Nimeona mafundi wazoefu wakiishika nati mkononi na kuicheka.

Kwenye jeki hizi pia kuna ule mguu wa swichi, na makosa mengi yanatokea hapo. Mguu huo umeungana na hasi wakati plagi haimo. Plagi ikiingia, mguu huo unaachana na hasi. Ukiupima jeki ikiwa tupu utaona mawasiliano mazuri, utauunganisha kama hasi, na kasha litakataa kuchaji mara tu unapochomeka chaji. Pima mara mbili, bila plagi na ukiwa umechomeka plagi, na uache ule unaobadilika. Nyingi za ukutani za chuma zina jambo jingine: mwili wake umeungana na kibanio cha nje. Kwenye kasha la plastiki hakuna neno. Kwenye kasha la bati mwili wote wa kasha unakuwa hasi, na siku ukipewa kifaa ambacho katikati yake ni hasi na nje ni chanya, kasha zima litakuwa na chanya.

Nati ikazwe na washa yenye meno. Kijana alitaka kuweka gundi ya kuzuia nyuzi zisilegee, ile nyekundu au ya bluu ya mafundi magari. Gundi za jamii hiyo hupasua ABS polepole pale plastiki ilipobanwa. Rangi ya kucha ni mbaya vilevile, viyeyushi vyake vinaila ABS. Pia tundu la duara kabisa linaiacha jeki izunguke pamoja na plagi hadi nyaya zikatike nyuma. Kama jeki ina upande uliochongwa bapa, tundu nalo liachiwe bapa na limaliziwe kwa tupa.

Nyaya mpya hatukuzilehemu kwenye zile pete zilizobanduka. Chanya tuliupeleka moja kwa moja kwenye mguu wa fyuzi, hasi kwenye njia pana ya shaba baada ya kuikwangua, na nyaya zote zikafungwa kwenye bodi kwa kamba ya plastiki iliyopita kwenye matundu mawili, zikiachiwa ulegevu kidogo. Miguu ya jeki ilivikwa mpira wa kusinyaa. Seli za lithiamu zikigusana chanya na hasi hutoa mkondo mkubwa mno, na bodi ya ulinzi isiwe ndiyo tegemeo pekee.

Kwa makasha mapya mwenye karakana alikataa jeki za ukutani. Hoja yake ilikuwa muda: nyaya mbili za kulehemu na nati ya kukaza kwa kila kasha ni kazi ya ziada, na yeye anauza kwa faida ndogo. Angekuwa anatumia soketi za kubana za kampuni ya JST, aina ya VH, zenye nafasi ya milimita 3.96 kati ya pini na uwezo wa hadi ampea 10, kazi ingepungua, lakini koleo zuri la kubania terminali hizo ni gharama nyingine. Sikumlazimisha. Jeki ya kwenye bodi inaweza kudumu ikipewa haki yake.

Bodi ilichorwa upya, safari hii ya nyuzi za kioo yenye unene wa milimita 1.6, shaba pande zote mbili na matundu yenye chuma ndani. Miguu bapa ikapewa matundu marefu yenye umbo la miguu yenyewe. Kwenye bodi kama hiyo lehemu inapanda ndani ya tundu, na IPC-A-610, kiwango cha kimataifa cha kukagua bodi za elektroniki, kwa vifaa vya daraja la 2 kinataka ijaze angalau asilimia 75 ya kimo. Ukigeuza bodi uione imechungulia upande wa pili. Skrubu mbili zililetwa karibu na jeki, na nyuma ya jeki kukawekwa kizuizi cha plastiki, kwa sababu mtu anapochomeka plagi kwa nguvu jeki inasukumwa ndani na miguu ndiyo inayoumia.

Kisha ukuta. Mpango ulikuwa pua ya jeki ipite kwenye dirisha la mstatili hadi ilingane na uso wa nje. Tukakokotoa makosa yanayoweza kujumlishana: ukingo wa bodi unaweza kukosea milimita 0.2, tundu la milimita 3.4 kwa skrubu ya M3 (yenye kipenyo cha milimita 3) linaruhusu bodi icheze 0.2 kila upande, jeki inacheza kwenye matundu yake kama 0.3, na mkono wa mtu mwenye keekee 0.5. Vyote vikielekea upande mmoja ni milimita 1.2. Dirisha la kumeza kosa hilo lote lingeacha jeki inaelea bila kuguswa na ukuta, na tungerudi tulikotoka. Kwa hiyo kosa kubwa likaondolewa: kipande cha bamba la alumini kilichotobolewa vizuri mara moja, kinachofungwa juu ya kasha kama kiongozi cha keekee. Kwa anayetengeneza kasha moja tu, paka rangi ya mdomo kwenye pua ya jeki, iweke bodi mahali pake, isukume iguse ukuta kwa ndani. Alama itajichora yenyewe.

Kosa la jeki kucheza kwenye matundu liliondolewa kwa kubadilisha mpangilio wa kazi. Jeki inaingizwa kwenye bodi bila kulehemiwa, bodi inafungwa kwenye kasha kwa skrubu zake, plagi inachomekwa kutoka nje ili jeki ijipange na dirisha. Hapo mguu mmoja unaguswa lehemu kidogo. Bodi inatolewa, inakaguliwa kama jeki imelala sawasawa juu yake, ndipo miguu yote inalehemiwa kamili. Kijana aliyekuwa analehemu bodi zote asubuhi na kuzilazimisha ziingie kwenye makasha jioni alinung'unika, lakini jeki ikilehemiwa ikiwa imepinda, skrubu zinapokazwa ndizo zinazoivuta ikae sawa, na mvuto huo unabaki kwenye lehemu tangu siku ya kwanza, kabla hata mteja hajaligusa kasha.

Kila kasha sasa linapimwa kabla ya betri kufungwa. Balbu ya wati 21 inaungwa kwenye miguu ya jeki, adapta ya plagi ya milimita 9.5 inachomekwa, kasha linashikiliwa kwenye ukingo wa meza, na chupa ya maji ya lita 1 inaning'inizwa kwenye waya karibu na plagi. Chupa inazungushwa polepole pande zote. Mwanga wa balbu ukicheza hata mara moja, kasha hilo linafunguliwa.